UZI: TV zimehamia kwenye intaneti, sasa intaneti ikifungwa na sebule inazima. Watu wa kusini njooni tuongee

Mleta uzi (Mtwara mjini)

Habari za jioni wakuu, Mtwara kuchele.

Mi ni fundi, nafunga madishi na kutengeneza TV, nilianzia Masasi stendi kwa kaka yangu sasa niko hapa mjini miaka mingi tu. Siasa siziwezi na sijaja kuzileta hapa. Nataka niongee kitu nilichokiona mezani kwangu maana naona watu wakiongelea intaneti kufungwa wanaongelea mtandao wa X (Twitter ya zamani) na wanaharakati wa Dar, hakuna anayeongelea mzee wa kawaida na TV yake.

Oktoba 29, 2025 siku ya uchaguzi intaneti ilizimika nchi nzima, wote mnakumbuka, ikakaa siku kama tano hivi. Siku ya tatu yake kaja mzee mmoja wa Chikongola na bajaji, kaifunga TV kwa shuka kaipakata kama mtoto. Inchi 43, smart, nilimuuzia mwenyewe msimu wa korosho uliopita. Ananiambia mwanangu TV yako imekufa. Nikaichomeka inawaka vizuri, menyu inakuja, picha safi, ila kila unachobonyeza duara linazunguka tu halikomi. Nikachukua flashi yangu ya majaribio nikaweka muvi, ikacheza. Mzee akaniangalia machoni, akasema sasa kama nzima mbona nyumbani haioneshi, au hapa kwako una umeme mwingine? Nikamuelewesha kwamba TV nzima ila njia imefungwa. Akauliza imefungwa na nani, mimi nimemkosea nani?

Lile swali sikuwa na jibu lake. Yule mzee hana akaunti popote. Anachoangalia yeye ni mawaidha na taarab za zamani YouTube, wajukuu wanaangalia katuni, basi. Wiki ile nilirudishiwa TV tatu zote nzima, na mmoja hadi leo anaamini nilimuuzia mbovu, hapiti tena mtaani kwangu ananunua kwingine.

Sasa nikakaa nikawaza tumefikaje hapa.

Sisi tuliokua miaka ya 90 huku kusini tunakumbuka, bara hakukuwa na kituo hata kimoja cha TV hadi 1994 wakati Zanzibar walishaanza tangu miaka ya 70. Burudani ilikuwa banda la video, TV moja ya chogo, deki moja, jenereta linanguruma nyuma, unakaa kwenye benchi unaangalia muvi za kichina zilizotafsiriwa na Lufufu. Kaseti ikija na basi kutoka Dar imekuja, isipokuja mnarudia ya jana, na ikinyesha Rufiji inajaa magari hayavuki, hadi daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003. Baadae zikaja CD, halafu DVD zile muvi kumi kwenye sahani moja, halafu flashi. Alafu antena, mnakumbuka ile ya kufunga kwenye mti wa mpopoo au juu ya mwembe, mmoja anageuza huko juu mwingine yuko ndani anapiga kelele "hapohapo! rudisha kidogo! umepitiliza!"

Antena ilikuwa na chenga lakini ilikuwa na jambo moja zuri ambalo tulikuwa hatulioni. Mtambo ukirusha umerusha, hakuna mtu anaejua wewe unaangalia nini na hakuna anaeweza kukuzimia wewe peke yako. Ili akuzime inabidi azime mnara mzima na yeye mwenyewe akose.

Tarehe 31 Desemba 2012 Dar wakazima analojia, mikoa ikafuata kwa awamu, maana makubaliano ya kimataifa yaliweka mwisho Juni 17, 2015. Hapo ndo king'amuzi kikaingia kila nyumba. Wengi huku walitupa chogo wakiambiwa hazifai tena, uongo mtupu, chogo ilikuwa inakula king'amuzi bila shida kwa waya wa rangi tatu, nyekundu nyeupe na njano, mi nimefunga nyingi sana hivyo na nyingine hadi leo ziko hai Mikindani huko. Faida ilikuwepo sikatai, picha ikawa safi na masafa ya mtambo mmoja yakaanza kubeba chaneli nyingi badala ya moja, yaliyobaki wakapewa watu wa simu, ile mnada wa 700 MHz uliofanyika 2018 ndo matunda yake. Ila swichi ikahama. Ilikuwa kwako na kwa mrushaji, sasa ikawa na kwa mwenye kifurushi. Hujalipa, giza. Na Agosti 2018 si mnakumbuka chaneli za bure zilivyotolewa kwenye ving'amuzi vya dishi kwa sababu ya leseni, ITV, Clouds, Channel Ten, watu wakaamka asubuhi hazipo, mtu ana dishi juu ya bati na habari ya nchini kwake hapati hadi anunue king'amuzi kingine cha antena. Nilifunga antena nyingi sana mwaka ule.

Na sasa smart TV na TV boksi. Hapa swichi imeenda mbali kabisa na iko mikononi mwa watu wengi, mwenye mtandao wa simu, mwenye mkongo, mwenye programu huko Marekani, na serikali. Yeyote kati yao akibonyeza wewe unaona duara linazunguka, na wote wanafanana, huwezi kujua ni yupi. Hilo ndo linaloniuma zaidi kuliko hata kufungwa kwenyewe.

Nyie huko mlipo mnaonaje? Masasi, Newala, Nachingwea, Kilwa, leteni.

Mdau wa Newala

Mkuu salama. Uzi mzuri ila mi nitakupinga kidogo. Mi ni mwalimu na ninaona watoto wanachoangalia. Mtoto wa darasa la tano anakuja shule anaigiza vitu ambavyo mimi nilivijua nimeshaoa. Walivyofunga X mwezi wa tano 2025 waziri wa habari wa wakati ule alitaja picha za ngono na mi nikasema sawa, wachelewe nini. Halafu tusisahau tuko mpakani. Kitaya, kijiji cha hapa mpakani, 2020 watu wetu waliuawa na wale wapiganaji waliovuka kutoka Msumbiji, na jamaa hao wanasambaza video zao mtandaoni kutafuta vijana. Wewe ungekuwa serikali ungeacha?

Mleta uzi

Mwalimu shikamoo, nashukuru umeongea kwa heshima. Kitaya nina ndugu wa mke wangu waliokimbia usiku ule na watoto mgongoni, kwahiyo ukiniambia usalama mi siwezi kukucheka. Video ya mtu anaita vijana wakachinje watu ifungwe, na aliyeiweka atafutwe. Hapo mi na wewe hatugombani.

Ila hilo la watoto naomba nikueleze kama fundi maana ndo kazi yangu. Uchafu unaoingia kwenye nyumba nyingi huku kwetu haupiti kwenye intaneti, unapita kwenye flashi na memori kadi. Mi naletewa flashi kila siku mteja anasema jaribu kama TV inasoma, nafungua nakuta mafaili ya kila aina, katuni za mtoto ziko folda moja na mambo ya baba yake. Hiyo flashi wakifunga X au wakifunga dunia nzima itapita tu kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Kwahiyo anaekosa ni mtu wa habari na biashara, uchafu uko palepale sebuleni.

Kinachofanya kazi ni chujio la nyumbani na watu hawalijui kwa sababu hakuna anaewafundisha, hata sisi mafundi tunafunga tunapokea hela tunaondoka. King'amuzi karibu vyote vina namba ya siri ya kuzuia chaneli kwa umri. YouTube kwenye TV ina sehemu ya kuzuia maudhui ya wakubwa, na ile ya watoto iko peke yake. Na kama una ruta, nenda kwenye mipangilio pale pa DNS (ndo inayogeuza jina la tovuti kuwa namba) uweke 1.1.1.3, hiyo ni huduma ya bure ya Cloudflare walioianzisha 2020 kwa ajili ya familia, inakataa tovuti za ngono na za virusi kwa kila kifaa kinachopita kwenye ile ruta, simu, TV, kompyuta. Dakika tano. Mtoto mjanja wa sekondari anaweza kuizunguka lakini wa darasa la tano hawezi. Na uzuri wake swichi unayo wewe mzazi, ukitaka unatoa, unajua umefunga nini na kwa nini.

Mdau wa Lindi mjini

Mi nina kibanda cha kuweka nyimbo na muvi hapa Lindi karibu na stendi. Nathibitisha asemayo fundi. Biashara yangu ilikuwa imeshakufa, vijana wote wana bando wanashusha wenyewe, nikawa nafikiria kuuza kompyuta nifuge kuku. Zile siku tano nilikuwa sili mchana, foleni kama ya mkopo wa pembejeo, muvi moja shilingi 500, tamthilia nzima 2,000, flashi zenyewe ziliisha mjini. Hela nimepata lakini sikufurahi maana kuna dada alikuja analia anataka nimtafutie somo lake la mtihani lilikuwa YouTube na mi sina, nina Wakorea tu. Nilimrudisha mikono mitupu.

Mdau wa Kilwa Masoko

Swali kwako fundi. Mtajuaje kama ni kufungwa au mtandao mbovu tu? Maana Mei 2024 huku Kilwa tulipata tabu mbili mwezi mmoja, kimbunga Hidaya kikakata barabara ya Somanga magari yakalala pale siku na siku, halafu kabla hatujapumua intaneti nayo ikafa. Watu wote mtaani wakasema serikali imefunga. Baadae nasikia ni waya wa baharini.

Mleta uzi

Kaka hilo ndo swali lenyewe na hata mimi Mei 2024 nilikosea, niliwaambia wateja tumefungiwa. Kumbe tarehe 12 Mei nyaya za chini ya bahari zilikatika, SEACOM na EASSy zote mbili kwa mpigo kule kusini yetu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Malawi, Msumbiji kote kukawa hoi. Niliona aibu, nikarudi kwa wateja wangu wawili kuwaambia nilisema nisilolijua.

Toka hapo nikajifunza kutofautisha. Waya ukikatika kila kitu kinalegea pamoja, hakichagui. Kinafunguka nusu, kinakwama, usiku watu wakilala kinaenda kidogo. Na majirani zetu wa Kenya na Malawi nao wanalia. Kufungiwa kunachagua. Tovuti moja haifunguki kabisa, ya jirani yake inaruka kama kawaida, laini zote za simu hali moja, na ukimpigia mtu Nairobi yeye anaiona.

Namna zenyewe za kufunga ni tatu nne hivi. Ya kwanza TV yako kabla ya kufungua kitu inauliza hiki jina lake ni namba ngapi, yule anaejibu ni mtandao wako wa simu, akiambiwa asijibu basi anakujibu uongo au anakaa kimya. Hiyo ni rahisi na ndo hiyohiyo ile 1.1.1.3 inaitumia kwa watoto. Ya pili mtambo unakaa njiani unasoma jina la tovuti, maana hata kama mawasiliano yamefichwa lile jina la kule unakoenda mara nyingi linaonekana mwanzoni kabisa, mtambo ukiliona unakata. Hapo kubadili DNS hakusaidii, wengi mnahangaika bure. Ya tatu wanafunga ile namba yenyewe, na hii ndo inaumiza wasiohusika kwa sababu namba moja wanaweza kuwa wanakaa humo mamia ya tovuti, ni kama kufunga soko zima la Mtwara kwa sababu ya meza moja. Ya mwisho ni ile ya Oktoba, zima vyote.

Na usidhani ni sisi tu. Australia waziri wao Stephen Conroy alitaka kuweka chujio la lazima kwa nchi nzima, kuanzia 2008 huko wakabishana miaka. 2009 orodha yao ya siri ikavuja, ndani yake ikakutwa tovuti ya daktari wa meno wa Queensland, daktari wa meno! Hakuna aliyemwambia yumo. 2012 wakaachana na mpango ule. Mwaka uliofuata tu taasisi yao ya kusimamia mambo ya fedha, ASIC, ikataka kufunga tovuti ya matapeli, wakatoa ile namba, zikaenda na maji tovuti zaidi ya 1,200 zisizo na kosa, kuna chuo huria cha Melbourne kilihangaika wiki kadhaa kutafuta nani kawafungia. Mnaona? Swali lao ni lilelile la mzee wa Chikongola.

Mdau wa Nanyumbu

Mi niko huku Mangaka karibu na daraja la Umoja. Ng'ambo ya Ruvuma wenzetu wa Msumbiji wana Starlink tangu Juni 2023, Malawi nao mwezi uliofuata, na sisi mwaka 2025 bado tulikuwa tunaangalia tu. Si ndo dawa? Dishi lako juu, hakuna wa kukufungia.

Mleta uzi

Ndugu yangu natamani iwe hivyo ila tusidanganyane. Starlink nayo inaingia nchi kwa leseni na mwenye kutoa leseni anaweza kuweka masharti, na kampuni inaweza kukuzimia dishi kwa sababu inajua ulipo. Swichi ipo, imehamia angani tu. Ukivuka nalo mpaka kimyakimya unanunua kesi, mi sifungi hilo hata uniletee gunia la korosho daraja la kwanza. Ila nakubali kwamba njia zikiwa nyingi ni bora, sisi huku kusini tuna barabara moja ya kwenda Dar na ikikatika Somanga tumekatika wote, intaneti nayo hivyohivyo.

Mdau wa Nachingwea

Samahani kaka yangu fundi, mi ni mama wa nyumbani. Mwanangu ameniambia tuweke VPN kwenye TV, anasema ni programu ya kupitisha intaneti njia ya pembeni, tusifungiwe tena. Inawezekana? Na ni kosa?

Mleta uzi

Shikamoo mama. Nakujibu yote mawili.

Kwenye TV inategemea. Ile yenye Android au TV boksi inakubali baadhi, zile smart nyingine zenye mfumo wao wa kiwandani zinakataa kabisa, inabidi iwekwe kwenye ruta na ruta nyingi za bei yetu haziwezi. Halafu zile za bure mama achana nazo, wengi wanaishi kwa kuuza taarifa zako. Na intaneti ikizimwa yote kama Oktoba, VPN haikusaidii kitu, inahitaji intaneti iwepo kwanza.

Kisheria, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitoa tangazo kwamba anaetumia VPN ajaze fomu awape taarifa, mwisho ulikuwa tarehe 30, na kanuni za 2020 zinaweka faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miezi 12 au vyote viwili kwa anaetumia kitu cha kufikia maudhui yaliyokatazwa. Kwahiyo mwambie kijana aache kukuwekea mambo usiyoyajua kwenye TV yenye jina lako kwenye risiti. Mi mwenyewe nachukia ile kanuni, naona inamuweka mtu wa benki na mtoto wa shule kwenye kapu moja na mhalifu, lakini siwezi kukushauri uvunje halafu mi nimekaa zangu hapa.

Ninachokushauri ni usitupe dishi na usitupe antena. Nawaambia wateja wote sasa hivi, ukinunua smart usiuze king'amuzi. Zile siku tano waliokuwa na dishi walikuwa wanaona, wenye redio walikuwa wanasikia, wenye flashi walikuwa na muvi zao. Aliyekuwa kaweka kila kitu kwenye bando ndo alikaa anaangalia ukuta.

Mdau wa Newala

Fundi nimeweka ile 1.1.1.3 kwenye ruta ya nyumbani, imekubali. Ila bado nina swali, wewe unataka nini hasa? Serikali isifunge chochote?

Mleta uzi

Hapana mwalimu, na nimeshasema la video za wauaji. Nataka vitu ambavyo hata TANESCO wanavifanya. Umeme ukikatwa kwa matengenezo wanatangaza, eneo hili, saa hizi hadi saa hizi, sababu hii. Sasa intaneti mbona inazimwa kimyakimya? Kama tovuti imefungwa basi nikiifungua nikute maandishi, imefungwa kwa kifungu hiki, na aliyeifunga ni huyu, na kama umeonewa andika hapa. Orodha iwe wazi ili daktari wa meno ajue yumo akalalamike. Na mahakama ndo iamue, siyo simu ya usiku. Hapo mi nikiletewa TV nitamuonesha mteja kwa kidole, mzee soma hapa. Sa hivi nimebaki nabishana na watu wazima kuhusu duara linalozunguka, na mimi ndo naonekana tapeli.

La watoto liachwe kwetu wazazi, na sisi mafundi tufundishe. Mi toka Novemba kila TV ninayofunga naweka namba ya siri na DNS ya familia, siongezi hela, namuonesha mama mwenye nyumba namna ya kutoa na kuweka.

Wakuu bando linaishia na kesho nina safari ya Mikindani, yule mzee wa Chikongola kanipeleka kwa dada yake, wanataka dishi la zamani lirudishwe juu ya bati na TV iendelee kuwepo. LNB yake (kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi) imeliwa na kutu ya bahari, kama kuna mwenye LNB nzima ya C-band, ya yale madishi makubwa, hapa mjini ani PM usiku huu kabla sijaondoka.